Pampu Ikifa Kariakoo, Alipe Nani?

Apitaye Mtaa wa Msimbazi alfajiri, kabla jua halijachomoza, huona kazi ya mji wetu ikianza. Pikapu hujipanga kando ya njia, wachukuzi hupandisha marobota ya nguo, magunia ya mchele na maboksi ya sabuni, na kila dereva hutega sikio asikie mlio mmoja tu, mlio wa injini iliyokubali kuwaka. Siku nyingi injini hukubali. Lakini zipo siku ambazo gari huzungushwa likakohoa, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Hapo mwenye mzigo huuhamishia kwenye gari jingine, fundi huitwa, naye baada ya saa moja hutoa hukumu ambayo kila dereva wa Kariakoo huiogopa: "Pampu imekufa."

Leo twataka kusema juu ya pampu hiyo. Huenda wakawako wasomaji watakaostaajabu kuona ukurasa huu ukiacha mambo makubwa ya dunia na kushughulika na kipande cha chuma kinachobebeka kwa mikono miwili. Twawaomba wavumilie. Katika kipande hicho mna ujira wa dereva, chakula cha watoto wake, bei ya mchele Mbagala na bei ya sabuni Gongo la Mboto. Tena mna swali moja la haki ambalo limeachwa muda mrefu bila jibu: pampu inapokufa, nani mwenye kosa, na nani hulipa? Sisi twasema kwamba mara nyingi mwenye kosa ni mmoja, na mwenye kulipa ni mwingine.

Jina la Kariakoo lenyewe ni jina la wachukuzi. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, walipiga hapo kambi ya kikosi chao cha wachukuzi, kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Vijana wa Kiafrika walitwishwa vichwani risasi, unga na mahema ya vita isiyokuwa yao. Makumi ya maelfu kati yao walikufa, na wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Vita ilikwisha, lakini mzigo haukwisha. Ulitoka kichwani ukapanda mkokoteni, ukatoka kwenye mkokoteni ukapanda pikapu. Mtu aendeshaye pikapu Kariakoo leo ni mrithi wa wachukuzi wale. Haifai mrithi huyo naye atwishwe mzigo usiokuwa wake.

Kwanza na tufahamu pampu yenyewe ni kitu gani. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia moto kama ilivyo ya petroli. Hewa hukandamizwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto mkali, kisha dizeli hurushwa humo, nayo ikawaka yenyewe. Rudolf Diesel wa Ujerumani aliionyesha dunia kwamba jambo hilo lawezekana mwaka 1897. Ilipofika mwaka 1927, Robert Bosch, Mjerumani mwenzake, alianza kuunda kwa wingi pampu ya kurusha dizeli hiyo kwa kipimo na kwa wakati wake. Tangu siku hizo pampu imekuwa moyo wa injini ya dizeli. Injini yaweza kuwa nzima kabisa, lakini ikiwa pampu haisukumi sawasawa, gari ni mzigo wa chuma tu.

Moyo huo umeundwa kwa ustadi mkubwa, na kwa sababu hiyo hiyo ni mwepesi wa kudhurika. Ndani yake mna vipistoni vidogo vilivyochongwa hata nafasi iliyoko kati ya chuma na chuma ni elfu chache za milimita moja. Unywele wa mtu ni mnene zaidi ya nafasi hiyo mara kumi na zaidi. Wala hapana oili inayolainisha vipistoni hivyo. Kilainisho chake ni dizeli yenyewe ipitayo humo. Dizeli ikiwa safi, pampu huishi miaka mingi. Dizeli ikiwa nyepesi kupita kiasi, au ikiwa na maji, au na mchanga, chuma hula chuma.

Katika pikapu za zamani, nozeli za injini hufunguka kwa msukumo wa baa 100 hadi 200. Katika injini za kisasa, ambazo pampu hujaza kwanza bomba moja la pamoja, kwa namna iliyoanza kutumika katika malori ya Japani mwaka 1995, msukumo hupita baa 1,500. Msomaji apate kulinganisha, gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 hivi. Kwa msukumo kama huo punje ya kutu isiyoonekana kwa macho huwa kama patasi. Ndiyo sababu mafundi husema kwamba gari la zamani lilivumilia dizeli ambayo gari jipya haliwezi kuivumilia. Gari jipya si bovu, ila linataka mafuta safi kuliko babu yake.

Basi ni nani anayeichafua dizeli? Tangu mwaka 2012 nchi yetu huagiza mafuta kwa pamoja. Meli moja huleta shehena ya makampuni mengi, na mafuta hupimwa ubora bandarini kabla ya kupokewa. Kwa hiyo dizeli inayouzwa katika kituo kizuri na dizeli inayouzwa katika kituo kibaya mara nyingi zimetoka katika meli moja. Tofauti huingia baada ya bandari, katika bohari, katika lori, katika tangi la kituo, katika dumu, na mwisho katika tangi la gari lenyewe. Mikono ni mingi, nayo imo njiani. Dereva ni mkono wa mwisho, na wa mwisho ndiye anayeonekana.

Nchi hii yakumbuka vema hila iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo ili mnyonge apate kuwasha kandili na koroboi yake. Wafanya biashara wenye tamaa wakaona mwanya. Waliyanunua mafuta ya taa kwa bei ya mnyonge, wakayamimina ndani ya dizeli, wakayauza kwa bei ya dizeli. Hapo ndipo neno uchakachuaji lilipoenea midomoni mwa watu, hata likahamia kwenye kila kitu kinachotiwa hila. Mafuta ya taa ni mepesi na hayana ulaini wa dizeli. Pampu iliyonyweshwa mchanganyiko huo ilijisaga yenyewe kimya kimya, na dereva hakujua lo lote mpaka siku gari lilipomgomea.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2010 EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ilianza kuyatia alama ya kemikali mafuta yaliyolipiwa kodi na kukusudiwa kuuzwa nchini. Mtu akiyachanganya na mengine, alama hupungua, na chombo cha mkaguzi humfichua. Kisha katika bajeti ya mwaka 2011/2012 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400.30, na ushuru wa dizeli ukapunguzwa. Faida ya kuchanganya ikaondoka. Jirani zetu wa Kenya walishika njia kama hiyo mwaka 2018, walipoweka tozo ya shilingi 18 za kwao kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Dawa hiyo ilifanya kazi, nasi twaisifu kwa kuwa ilifanya kazi. Lakini ukweli wote na usemwe. Dhambi ilitendwa na wenye matangi, na gharama ya dawa ikabebwa na mama wa Tandale na mkulima wa Kisarawe, ambao hawakuwa na gari wala pampu, bali koroboi tu. Mwizi alizuiwa kwa kumpandishia bei yule aliyeibiwa. Huo ndio mwenendo tunaoulalamikia katika ukurasa huu: kosa hutendwa mahali pamoja, na malipo huchukuliwa mahali pengine.

Tena wapo wanaodhani kwamba alama ile ikishawekwa, mafuta yote yamekuwa mema. Sivyo. Alama hufichua mafuta yaliyochanganywa, haifichui kutu. Dizeli yaweza kuwa na alama kamili, yenye kodi iliyolipwa mpaka senti ya mwisho, na bado ikawa na maji yaliyopenya kwenye tangi la ardhini wakati wa masika. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini, nayo matope na kutu hukaa pamoja nayo. Lori la mafuta linapokuja kumimina shehena mpya, takataka hizo huvurugika na kupanda juu. Mtu anayejaza gari lake saa ile ile huondoka nazo. Vituo vingapi huwaambia wateja wangoje mafuta yatulie kwanza?

Jambo jingine ni umaskini wenyewe. Dereva wa pikapu hana fedha ya kujaza tangi asubuhi. Hutia dizeli ya safari moja, akapata nauli, akatia ya safari ya pili. Tangi lake liko karibu na ukavu siku zote, na katika joto la pwani yetu hewa yenye unyevu hujaa humo na kugeuka matone usiku. Pampu hunyonya mafuta ya chini kabisa, yaliyo machafu kuliko yote. Siku mafuta yakikatika njiani, upepo huingia kwenye mabomba, na dereva hulazimika kusimama juani akipampu kwa mkono ili kuutoa. Kununua kidogo kidogo huonekana kama nafuu, kumbe ni mkopo, na pampu ndiyo hulipa riba.

Halafu yako mambo ya filta. Filta ya dizeli ndiyo mlinzi wa mlangoni, nayo huuzwa kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na pampu. Lakini katika maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani, filta ya kweli na filta ya bandia hukaa rafu moja, zimevaa boksi la rangi moja. Ya bandia yaweza kuwa na karatasi nyepesi inayopitisha mchanga kama chandarua kilichotoboka. Tajiri asiyetaka gharama hununua ya bandia kwa kujua, na dereva asiye na elimu ya spea huinunua kwa kutojua. Wahenga walisema, mdharau mwiba guu huota tende. Aliyedharau filta hununua pampu.

Na baada ya haya yote pampu hufunguliwa wapi? Wapo mafundi pampu wa Gerezani wenye mikono ya ajabu na mashine za kupimia, na jina lao lafahamika mpaka mikoani. Lakini wapo pia wanaoifungua pampu kando ya barabara, juu ya gunia, vumbi likipeperuka. Kitu kilichochongwa kwa elfu za milimita chafutwa kwa tambara lililofutia grisi. Pampu hiyo hurudi garini ikiwa imetibiwa ugonjwa mmoja na kuambukizwa mwingine.

Sasa twafika kwenye malipo. Desturi iliyozoeleka mjini ni kwamba gari ni la tajiri, na dereva hupeleka hesabu kila jioni. Gari likiharibika, tajiri huuliza swali moja tu: "Ulitia mafuta wapi?" Jibu lo lote halitoshi. Dereva huambiwa ni mzembe, hukatwa fedha wiki baada ya wiki, au hunyang'anywa funguo akapewa deiwaka. Hakuna aliyepima mafuta, hakuna aliyetazama filta, wala hakuna aliyeuliza tangi la kituo lilioshwa lini. Hukumu imetolewa pasipo ushahidi, na aliyeitoa ndiye mdai.

Yafaa wafanya kazi wajue kwamba sheria ya nchi haikubali jambo hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, hairuhusu ujira ukatwe kwa ajili ya hasara ila kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini, tena kwa kosa la mfanya kazi mwenyewe. Aandikiwe sababu, kiasi na hesabu ya deni. Apewe nafasi ya kutosha ya kulipinga. Akubali makato hayo kwa maandishi. Na makato yote yasizidi robo ya ujira wake. Wako matajiri watakaosema kwamba dereva wa hesabu si mwajiriwa. Wasome Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo, kifungu cha 61. Humo mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, ikiwa hufanya kazi chini ya amri ya mwenzake, au humtegemea kwa riziki, au hupewa naye zana za kazi. Je, gari si zana? Aliyeonewa na aende mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, naye akiwa mwanachama wa chama cha wafanya kazi, asiende peke yake.

Hata hivyo hatutaki kumfanya dereva malaika. Wapo madereva wanaonyonya dizeli ya tajiri kwa mpira, wakaiuza kwa dumu uchochoroni, kisha wakajazia cho chote kinachopatikana. Wapo waonao taa ya maji ikiwaka mbele yao, wakaizibia kwa karatasi ili abiria asiulize. Wapo wasiofungua kile kiskrubu kilicho chini ya filta mwaka mzima, hali kazi yake ni dakika tano. Mtu wa namna hiyo ameua pampu kwa mkono wake, na akikatwa kwa utaratibu wa sheria hatutamlilia. Twalotaka si kwamba dereva asilipe kamwe. Twataka alipe yule aliyekosa, baada ya kosa kujulikana.

Nalo kosa laweza kujulikana. Pampu iliyokufa ina ushahidi ndani yake. Ikiuawa na maji, chuma huwa na kutu na vitobo. Ikiuawa na mchanga, huwa na mikwaruzo. Ikikosa ulaini wa mafuta, huwa imesagika na kuacha unga wa chuma. Fundi mwaminifu huyaona haya kabla hajamaliza kuifungua. Basi na awe na wajibu wa kuyaandika, kama tabibu anavyoandika sababu ya kifo, na kumkabidhi mwenye gari vyuma vilivyotolewa pamoja na filta ya zamani. Karatasi hiyo moja ingekomesha nusu ya ugomvi wa Kariakoo. Nayo VETA, iliyoundwa kwa ajili ya elimu ya ufundi stadi, na iwafikie mafundi pale pale walipo, iwapime, na wanaostahili wapewe cheti ambacho dereva aweza kukiona ukutani.

EWURA na Shirika la Viwango twawaomba wasitosheke na kupima alama. Wapime maji na uchafu kwenye matangi ya vituo, hasa baada ya mvua kubwa, na matokeo yabandikwe kituoni, mahali mnunuzi aonapo, kama bei zinavyobandikwa. Tume ya Ushindani, iliyopewa kazi ya kupambana na bidhaa bandia, isiishie kwa mchuuzi mwenye filta kumi mezani. Ifuate mzigo mpaka kwa yule aliyeuagiza kwa kontena. Wenye vituo wazuie kuuza dizeli wakati lori linamimina na kwa muda baada yake. Hasara ya saa moja haiwezi kulinganishwa na pampu za watu. Matajiri wa magari wahesabu filta ya kweli kuwa gharama ya kazi, kama walivyozoea kuhesabu bima, wala wasiione kuwa hisani kwa dereva.

Na ninyi ndugu madereva, ulinzi wenu wa kwanza mnao mikononi. Chukueni risiti ya mafuta kila mara na kuitunza. Tangu mwaka 2017 vituo vilibanwa kufunga mashine za risiti zilizounganishwa na pampu zao, basi mkiidai hamuombi fadhila. Tieni dizeli kidogo katika chupa nyeupe, iacheni itulie. Maji na matope yatashuka chini mbele ya macho yenu, ingawa mafuta ya taa hayataonekana kwa njia hiyo. Msiliache tangi likauke. Toeni maji kwenye filta kila wiki. Na mkiona mafuta mabaya, semeni kwa pamoja katika vyama vyenu vya maegesho, kwa kuwa dereva mmoja hufukuzwa kituoni kwa matusi, lakini madereva hamsini wakihamia kituo kingine mwenye kituo ataliosha tangi lake usiku huo huo.

Wale wachukuzi walioupa mtaa huu jina lake hawakuwa na sheria ya kuwatetea wala ushahidi wa kuonyesha. Walibeba walichotwishwa mpaka wakaanguka. Warithi wao wanayo sheria iliyoandikwa, na ushahidi umo ndani ya chuma. Kilichobaki ni kuutazama ushahidi huo kabla ya kuufungua mfuko wa mnyonge. Aliyetia maji na alipe, aliyeuza filta ya bandia na alipe, aliyezembea na alipe. Dereva asiye na kosa aachiwe ujira wake, aende nao nyumbani.